Mandhari Haiuzwi, Kinachouzwa ni Mteremko

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, hadi wengine mkaanza kuniuliza kama nimehama chuo ama nimeolewa kimyakimya... Hapana jamani! Nilibanwa na testi, halafu bumu nalo likachelewa kama kawaida yake, na mtu mwenye njaa haandiki kitu cha maana. Sasa testi zimepita, bumu limeingia, madeni ya kwa mama ntilie nimelipa, akili imerudi. Leo nataka tuongee habari ya kununua nyumba au kiwanja mlimani.

Mnaosoma hapa Morogoro mnaelewa ninachokisema. Ukitoka hosteli asubuhi, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni Milima ya Uluguru imesimama mbele yako, na ukungu umeifunika kichwani kama kilemba. Sidhani kama kuna mwanafunzi aliyepita mji kasoro bahari huu ambaye hajawahi kusema hata siku moja, "nikipata ajira, nitajenga pale juu." Tukipanda Morningside wikiendi ndiyo kabisa, kila mtu anachagua kiwanja chake kwa kidole!

Zamani ilikuwa ni stori tu. Siku hizi ni biashara. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, mtu wa Dar anaweza kuwa hapa kabla ya masaa mawili kwisha, na madalali wameshaliona hilo. Matangazo ya viwanja yapo kila kona, na lugha yao ni moja: mandhari ya mlima na bonde, hewa safi, maji yanatiririka, bei ya maelewano. Picha zinapigwa jua likizama, mji wote chini unawaka taa. Nani asiyetaka?

Jambo hili limenigusa kwa sababu limeingia ndani ya familia. Mama mkubwa wangu amefundisha shule ya msingi huko Dodoma zaidi ya miaka thelathini, na amestaafu juzijuzi. Maisha yake yote ameishi kwenye tambarare, vumbi na jua. Ndoto yake ni nyumba ndogo yenye baraza, akae na kikombe chake cha chai aangalie milima ya kijani. Dalali mmoja akampata kupitia jamaa yake wa kanisani, akamrushia picha kwenye WhatsApp, mama wa watu hakulala. Akanipigia simu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe si uko hukohuko na jiografia ndiyo unayosomea? Nenda kaniangalizie kabla sijatuma hela."

Jamani, hiyo hela ndiyo kiinua mgongo chake. Ni chaki ya miaka thelathini hiyo! Sisi tukifeli somo tunarudia sapu mwezi wa tisa. Kiinua mgongo kikipotea hakina sapu.

Basi nikaenda, Jumamosi moja ya mwezi wa pili. Bodaboda ilitufikisha ilipoweza, tukamalizia kwa miguu. Kusema ukweli, ukifika pale unaduwaa. Mji wote uko chini yako, reli inapita katikati kama uzi, Mindu iko upande jua linakozama, na kuna kaupepo ambako Dodoma hakapo. Dalali akanipa kama dakika tatu nishangae, halafu ndipo akataja bei. Anajua kazi yake huyo!

Lakini mimi nilianza kuangalia miguuni. Kiwanja kimechongwa mlimani kama ngazi moja kubwa: nyuma kuna ukuta wa udongo mwekundu unaonipita urefu, mbele kuna kifusi kilichotolewa hukohuko nyuma kikasambazwa ili papate kuwa sawa. Pembeni kuna korongo kavu lenye mawe makubwa ya duara. Chini yake, mabati ya nyumba za watu. Nikamuuliza dalali yale mawe yamefikaje kwenye korongo. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hayo yapo tangu enzi." Sawa, yapo tangu enzi. Lakini jiwe la ukubwa ule halitembei kwa miguu. Kuna siku maji yalilibeba.

Hapo ndipo hoja yangu ya leo ilipozaliwa. Mandhari haiuzwi! Kinachouzwa ni mteremko. Mandhari ni mali ya kila mwenye macho, hata mwanafunzi asiye na nauli anaiona bure. Hakuna hati itakayoandikwa kwamba fulani anamiliki mwonekano wa bonde. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na unachopata wewe ni haki ya kuitumia. Kesho mwenzio akijenga ghorofa chini yako, mandhari imekwenda, na huna pa kumshtaki. Ila mteremko utabaki kuwa wako, na mzigo wake ni wako pia. Sasa kwa nini bei ipangwe kwa kile ambacho hakimo kwenye mkataba, na kile kilichomo kisizungumzwe kabisa?

Ngoja nivae koti la ualimu kidogo. Udongo wa mlimani umekaa pale kwa kuelewana: uzito wake unauvuta kushuka, msuguano na mizizi vinaushika. Maji yakiingia mengi, uzito unaongezeka na mshiko unapungua. Ukichonga mteremko ili upate uwanja, umeukata mguu uliokuwa unauegemeza mlima. Ukimwaga kifusi mbele na kujenga juu yake, umeweka nyumba kwenye udongo ambao haujashikana. Nusu ya nyumba iko juu ya ardhi ngumu, nusu nyingine juu ya kifusi, na kifusi kikididimia nyufa zinapita katikati ya sebule. Ongeza shimo la choo linalomwaga maji ardhini kila siku, toa miti iliyokuwa inaziba mandhari... Yaani mtu anakata mti ulioshika mlima ili aone mlima vizuri!

Wapo watakaosema nawatisha. Basi tuangalie yaliyotokea. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Tarehe 14 Aprili 2024, sehemu ya mlima iliporomoka Itezi jijini Mbeya, ikafukia nyumba na shule. Tunashukuru Mungu hapakuwa na vifo.

Najua mwanajiografia mwenzangu atanirukia kwamba Hanang ni mlima wa volkano na Uluguru ni miamba ya kale, usilinganishe. Ni kweli, haifanani. Lakini hata hapa kwetu yametokea. Februari 1970, mvua kubwa ya masaa machache tu ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa milima hii hii, ikasababisha maporomoko madogo madogo zaidi ya 1,000. Watafiti walipokwenda kuhesabu, walikuta karibu yote yameanzia kwenye mashamba na maeneo ya majani. Yaliyoanzia msituni yalikuwa machache mno. Tena ni Februari jamani, masika yenyewe bado. Mlima ni uleule na mvua ni ileile, tofauti ilikuwa ni kilichokuwa kimeota juu ya udongo.

Jambo la pili ni muuzaji. Nilimuuliza dalali, mwenye eneo ni nani? Akasema ni mzee fulani, amekubali, mjumbe anajua, hakuna shida. Nikauliza, na dada zake je? Akaniangalia kama nimeongea Kichina.

Wageni wengi wanapotea hapa. Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa mila yao ardhi ni ya ukoo, na inashuka kupitia wanawake. Mwanaume anaweza kuwa analima shamba miaka ishirini na bado likawa si lake la kuuza, kwa sababu ni la ukoo wa mke wake, au ni la ukoo wa mama yake ambalo dada zake na watoto wao wana haki nalo. Sasa wewe umetoka Dodoma au Dar, kwenu ardhi inatoka kwa baba, unaona mzee mwenye mvi anasaini, unajua mambo yamekwisha. Miaka mitatu baadaye anatokea shangazi na wajukuu zake, na nyumba umeshapaua! Nisieleweke kwamba Waluguru ni wakorofi, hapana. Aliyeuza kisicho chake ndiye mkorofi, na aliyenunua bila kuuliza amemsaidia.

Siku ileile wakati tunashuka tulimkuta bibi mmoja anapalilia maharage. Nikamwamkia, nikapumzika hapo kidogo. Dalali alikuwa ametangulia mbele anaongea na simu. Nikamuuliza bibi kama kile kiwanja anakifahamu. Akasema, "Pale? Pale hatukujenga." Nikamuuliza kwa nini. Akanyoosha jembe kuelekea korongoni, akasema, "Maji yanapita pale yakikasirika. Sisi tunakaa kwenye mgongo, maji tunayaachia tumbo." Sijawahi kuandika notisi fupi na kamili kama ile tangu nianze chuo. Mgongo wa mlima kwa watu, bonde la korongo kwa maji. Na dalali alikuwa anauza tumbo!

Tatu ni sheria zenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na vyanzo vingine vya maji. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Sheria ya Ardhi nayo inaitambua ardhi hatarishi, na miteremko mikali imetajwa humo, pamoja na kingo za mito. Halafu huko juu kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, takribani hekta 24,000. Huko hakuna cha kiwanja, hata ukipewa risiti yenye mihuri mitano. Kwa hiyo "maji yanatiririka pembeni ya kiwanja chako" inawezekana ni tangazo tamu, lakini kisheria hiyo ndiyo sababu ya kutokujenga.

Na sheria hizi si za kukomoa watu. Maji yanayotoka Uluguru ndiyo tunayooga hapa mjini. Mto Ngerengere unajaza Bwawa la Mindu, ambalo ni tegemeo kubwa la maji ya manispaa hii. Mto Ruvu nao unaanzia kwenye milima hii, na ndiyo tegemeo kubwa la Dar es Salaam. Fikiria kichekesho hiki: mtu wa Dar anakimbia joto, anakuja kujenga juu ya chanzo cha maji ambayo atakuta yamekatika akirudi Dar. Udongo unaotoka kwenye kiwanja chake unashuka hadi bwawani, bwawa linajaa tope, na sisi huku hosteli tunapanga ndoo saa kumi usiku.

Kuna historia nyingine ambayo naona inatufaa sana. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona mmomonyoko Uluguru ikaja na mpango wake: kila mtu achimbe matuta ya ngazi, apende asipende. Mgeta watu walikuwa na ngazi zao tangu zamani, na kule zilifaa. Sehemu nyingine udongo wa juu ni mwembamba, ukichimba unafukua udongo usio na rutuba, kazi kubwa na mavuno hamna. Wazee wakasema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 pakatokea vurugu kule Matombo, risasi zikalia, mtu akafa, na mpango wenyewe ukafa. Mimi ninachokiona ni kwamba wale walikuja mlimani na amri bila kuuliza, na sisi tunakuja na hela bila kuuliza. Tofauti iko wapi? Yule bibi wa maharage hajaulizwa mara zote mbili.

Sasa nijibu wapinzani, maana nawajua, mmoja nalala naye chumba kimoja. Yeye anasema, "Nyie walimu waoga wa maisha. Mbona duniani kote matajiri wanaishi milimani?" Ni kweli, na sisemi haiwezekani. Injinia mzuri anaweza kujenga karibu popote: atapima udongo, ataweka msingi wa mawe unaofuata mteremko badala ya kuuchonga, atajenga ukuta wa kuzuia udongo wenye matundu ya kutolea maji, mifereji itazunguka nyumba nzima, maji ya paa yataingia kwenye tangi badala ya kumwagika ukutani. Nyumba ikawa salama kabisa. Lakini hiyo gharama dalali haisemi. Ukuta na mifereji vinaweza kumeza hela uliyotenga kwa nyumba yenyewe. Kila mfuko wa saruji unapanda kwa kichwa cha mtu au kwa pikipiki, na kila safari inalipiwa. Mchanga hivyohivyo, na nondo, na maji ya kukorogea zege. Kiwanja kinaonekana rahisi kwa sababu gharama yake iko mbele, hujaiona. Tajiri atamudu. Mwalimu mstaafu atafika kwenye renta, hela itaisha, na mvua itaikuta nyumba haijavaa mabati.

Tena tufikirie uzee. Mtu wa miaka 60 leo anapanda vizuri. Akifika 75, magoti yanauma, usiku amezidiwa, bodaboda haipandi kwa sababu ya utelezi... nani atambeba hadi barabarani? Mandhari haimpeleki mtu hospitali.

Mwingine ataniuliza, kwa hiyo mlima waishi wenyeji tu? Hapana, sijasema hivyo. Mtanzania ana haki ya kuishi popote. Ninachosema ni kwamba mwenyeji amelipia ujuzi wake kwa vizazi, anajua maji yanapita wapi yakikasirika. Mgeni akitaka kukaa pale, aanze kwa kujifunza, hela ifuate baadaye. Kwa hiyo kwa yeyote anayetaka, au ana mzazi anayetaka, nashauri hivi:

1. Usinunue kiangazi. Nenda Aprili mvua ikiwa inanyesha, na koti la mvua, usimame palepale kwenye kiwanja uangalie maji yanatoka wapi na kwenda wapi. Picha ya jua likizama isikudanganye. Omba upigiwe picha ya mvua ya saa tisa mchana!

2. Angalia miti. Shina lililopinda chini halafu likanyooka juu linaweza kuwa ishara kwamba udongo unatambaa polepole. Angalia nyufa ardhini, chemchemi mahali pasipotegemewa, kuta za majirani zilizopasuka.

3. Uliza ukoo, si mtu. Kaa na wanawake wa ukoo, wakiwa hapo na wewe, na uongozi wa kijiji au mtaa. Kama muuzaji ana mke au mume, ujue nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. Hilo liko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ihusike rasmi, na makubaliano ya chini ya mwembe pekee hayatoshi.

4. Nenda ofisi ya ardhi mwenyewe. Ramani ya mipango miji ipo, mipaka ya hifadhi ipo, mita 60 zinapimika kwa futi kamba. Dalali akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anakuja na hela kesho, mwachie huyo mteja.

5. Tazama chini yako. Kama kuna nyumba za watu chini ya kiwanja, jua kwamba ukichonga vibaya, udongo wako utaingia kwenye vyumba vyao. Mtu hajengi peke yake mlimani, hata kama jirani yuko mita mia chini.

Kuna kitu kingine ambacho nilikigundua wakati nashuka, na nadhani ndicho kilichonisaidia kumjibu mama mkubwa. Nilipokuwa juu kule sikuuona mlima hata kidogo. Niliuona mji, mabati, reli, vumbi la magari. Nilipofika chini, kwenye mteremko wa taratibu kule Bigwa, nikageuka, ndipo nikauona Uluguru mzima, na wingu lake, na misitu yake. Anayekaa juu ya mlima hauoni mlima. Anayeuona ni aliye chini! Na huko chini kuna barabara, kuna zahanati, kuna maji ya bomba siku yakitoka.

Nilimpigia nikamwambia, mama mkubwa, kile kiwanja hapana. Nikamweleza korongo, kifusi, dada zake yule mzee, na maneno ya bibi. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani salio limekata. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nimeshaota hiyo baraza." Iliniuma sana, sitaki kudanganya. Ni rahisi kuandika hoja, kumnyima mama ndoto yake ni kazi nyingine. Nikamwambia baraza ibaki, chai ibaki, mlima ubaki, tuhamishe kiwanja tu. Kwa sasa amekubali kutotuma hela hadi aje mwenyewe mwezi wa nne, tupande pale mvua ikinyesha, na aongee na yule bibi ana kwa ana. Walimu wastaafu hawaamini kitu hadi wakione ubaoni, na mimi naona ni haki yake. Dalali amenuna, ananiita mchawi wa biashara yake. Sawa tu.

Sisi tunaosomea ualimu tutatawanyika nchi hii: Lushoto, Njombe, Mbeya, Kigoma, Same milimani huko. Wengi wetu tutapangiwa shule ambazo madirishani kuna bonde na mlima, na tutapenda kununua kipande. Halafu tutasimama mbele ya watoto tuwafundishe mmomonyoko wa udongo, kwa chaki na mchoro. Mimi naona aibu kufundisha asubuhi kwamba mteremko usichongwe ovyo, na jioni nikasimamie mafundi wanaochonga wangu. Wanafunzi si wajinga, wanaona nyumba ya mwalimu iko wapi.

Haya, kwa leo niishie hapa, kuna kazi ya kikundi na wenzangu wananingoja maktaba. Kama kuna aliyekulia mlimani, hasa Usambara, Upare au Rungwe, naomba atuambie kwao wazee wanachaguaje mahali pa kujenga. Na kama nimekosea kwenye mambo ya ukoo wa Kiluguru, wenyeji nisahihisheni, nitafurahi. Nawasilisha hoja.